Mbele ya kujenga aneksi, tupige hesabu ya kile kinabakia

Tarehe 22 Februari 2025 Leta ya Congo ilikataza kuuzisha cobalt inje ya inchi. Ilitangaza miezi minne, kiisha ikaongeza. Ni tarehe 16 Oktoba tu njia ilifunguliwa tena, lakini kwa kwota: tani 18,125 kwa miezi iliyobakia ya mwaka ule, na tani 96,600 kwa mwaka 2026, vilevile kwa mwaka 2027. Ulaya na China bantu balihesabu bei ya batri za magari. Kwetu Lubumbashi, batu ba mine balikuwa na hesabu ingine: kama kazi inapunguka, ni nini itakulisha batoto?

Jibu ambalo linasikilika mu kila kantini na mu kila bus ya sosieti ni moja: «Nitajenga aneksi, nipangishe.» Mutu anapata prime, anapata deko ya kumaliza kontra, ao anakopa benki, anaenda kutafuta parsele Kalebuka, Kisanga, Luwowoshi ao kule Kasapa. Wazo si baya. Nyumba haipandi ndege, haikimbii na feza. Lakini wengi banajenga kiisha njo banapiga hesabu, na hesabu yenyewe banaipiga nusu: banahesabu kile kinaingia, habahesabu kile kinatoka. Leo tuangalie pande zote mbili, kwa sababu nyumba inaweza kuokoa jamaa na inaweza pia kuimeza.

Kwa nini mutu wa mine anapenda matofali

Haiko mambo ya leo. Union Minière, iliyozaliwa mwaka 1906, ilikuwa inapatia mutumishi nyumba mu kambi, posho, hospitali na masomo ya batoto. Gécamines iliendelea vile kisha Leta kuchukua mine mwaka 1967. Ilikuwa maisha ya salama, lakini ilikuwa na kasoro moja: nyumba ilikuwa ya sosieti. Baba alitumika miaka 30, na siku ya kuacha kazi alikuwa hana mulango wake.

Kiisha ikaja anguko. Mwaka 1986 Gécamines ilitosha tani karibu 476,000 za shaba. Kisha mine ya Kamoto kuanguka mwezi wa 9 mwaka 1990, na matata ya miaka iliyofuata, haikufikisha hata moja ya kumi ya ile. Mishahara ikasimama. Katika miaka 2003 na 2004, kwa feza ya Banque mondiale, batumishi 10,655 balisaini karatasi ya «départ volontaire». Wengi kati yao balikuwa wanadai mishahara ya miezi 36. Kila mutu alipewa feza yake kwa mara moja, kiisha mulango ukafungwa.

Kile kilichofuata kiko mu kumbukumbu ya kila jamaa hapa. Kuko balionunua gari ya teksi: ikavunjika. Kuko balioenda kulima. Kuko baliofungua duka: deni za ndugu zikalimaliza. Na kuko baliojenga vyumba viwili ao vitatu nyuma ya nyumba. Hawa wa mwisho habakuwa tajiri, lakini kila mwisho wa mwezi kulikuwa kitu cha kununua unga. Njo maana mutoto wa mutumishi wa zamani, leo akiwa operateri wa mashini mu sosieti ya Wachina ao ya sous-traitance, anakimbilia matofali. Amejifunza kwa baba yake.

Lakini baba yake alijenga kwa feza yake, mu parsele yake, na mupangaji wake alikuwa mwalimu ao muchuuzi. Mutoto anajenga kwa deni, mu parsele ya mbali, na mupangaji wake ni mutu wa mine kama yeye. Hizi ni hesabu mbili tofauti.

Leta inahesabu kile kinaingia, si kile kinabakia

Tuanze na kodi, kwa sababu njo kitu batu mingi banasikia siku ya kupokea convocation. Mwenye kupangisha nyumba iko na kodi mbili za kujua.

Ya kwanza inaitwa impôt sur les revenus locatifs, kwa kifupi IRL. Inatoka mu sheria ya tarehe 10 Februari 1969. Leo ni kodi ya provensi, si ya Kinshasa: hapa Haut-Katanga inapokelewa na DRHKAT, ile ambayo wakati Katanga ilikuwa provensi moja, mpaka 2015, batu baliita DRKAT. Kiwango kinachojulikana ni 22 kwa mia ya feza ya nyumba.

Hapa kuko neno moja la kushika vizuri. Ni 22 kwa mia ya feza yote iliyoingia. Ukitengeneza malata, ukitosha uchafu mu fose, ukilipa mulinzi, Leta haitoshi ile mu hesabu. Sosieti inalipa kodi juu ya faida. Mwenye nyumba analipa juu ya mapato. Mutu anaweza kuwa hakubakia na kitu mu mwaka, na kodi iko palepale.

Sheria inagawanya ile 22 mara mbili. Sehemu ya 20 kwa mia inakatwa na mupangaji mwenyewe wakati analipa, na ni yeye anaipeleka kwa Leta: inaitwa retenue locative. Sehemu ya 2 iliyobakia inalipwa na mwenye nyumba, pamoja na deklarasioni ya mwaka, mbele ya tarehe 1 Februari ya mwaka unaofuata.

Mu maisha inapita hivi. Kama mupangaji ni sosieti, inakata kweli. Umepatana dola 500 kwa nyumba ya kulaza ma-enjinyere, utaona 400 inaingia kwa konti yako. Usipigane nao, banafuata sheria. Lakini uwaombe kila mara karatasi inayohakikisha kama ile 100 ilifika DRHKAT. Bila karatasi ile, siku ya kontrole utakuwa na maneno tu, na maneno hayatoshi kwa ofisi. Kama mupangaji ni jamaa ya cité, mara nyingi hakuna anayekata kitu. Mwenye nyumba anapokea yote mu mukono na anafikiri yote ni yake. Si yake yote. Kutoka 150 ile, 33 iko na mwenyewe.

Kodi ya pili ni impôt foncier, kodi ya udongo na majengo. Nayo inatoka mu sheria ingine ya siku ileile ya 1969, nayo inalipwa kwa provensi, kwa deklarasioni ya tarehe 1 Februari. Kiasi chake kinafuatana na mahali nyumba iko, kwa sababu sheria inapanga mahali kwa «rangs», na namna ya nyumba: villa inahesabiwa kwa metre carré, nyumba ingine kwa bei ya kukatwa. Kwa nyumba ndogo ya cité haiko mulima, lakini ikilala miaka mitano na kuongezewa amande, inakuwa mulima. Mbele ya kusaini kitu, uende kwa DRHKAT uombe bei ya mwaka huu kwa rang ya quartier yako, imeandikwa. Usiombe komisyonere.

Mfano: milango miwili ya dola 150

Tuchukue mutu mumoja wa mfano. Anatumika mu mine, alikuwa na dola 15,000, akajenga milango miwili. Kila mulango anaomba 150 kwa mwezi. Juu ya karatasi: 150 mara 2 mara 12, ni 3,600 kwa mwaka. Anagawanya 15,000 kwa 3,600, anaona miaka 4 na miezi 2, kiisha nyumba ni faida tupu. Hesabu hii njo inapitishwa mu cité yote.

Sasa tuweke vitu ambavyo viko mu maisha.

Mulango haukai na mutu miezi 12 kila mwaka. Mumoja anahama, unapiga rangi, unangojea mwengine. Tuseme kila mulango unabakia bule mwezi moja kwa mwaka. Inatoka 300. Imeingia 3,300.

IRL, 22 kwa mia ya 3,300: dola 726.

Impôt foncier, tuseme kwa mfano 40.

Kutengeneza: malata inayovuja, kifungo cha mulango, bomba, rangi. Mutu mwenye akili anatenga mwezi moja wa feza ya nyumba zote kwa mwaka: 300.

Kutosha uchafu mu fose, na facture ya mayi ao ya kuran ambayo mupangaji ameacha nyuma, kwa sababu SNEL na REGIDESO banajua jina la mwenye parsele, habajui jina la mwenye kuhama usiku: 100.

Tujumlishe vilivyotoka: 726, na 40, na 300, na 100, ni 1,166. Kutoka 3,300, inabakia 2,134 kwa mwaka. Ni karibu dola 178 kwa mwezi. Yeye alikuwa anawaambia bibi na batoto «tutakuwa na 300 kila mwezi.»

Na miaka ya kurudisha feza? Dola 15,000 kwa 2,134 ni miaka 7. Si miaka 4.

Miaka 7 haiko mibaya. Kwa mutu wa miaka 35, ni kitu kizuri. Kwa mutu wa miaka 52 ambaye anangojea pensheni, inaomba kufikiri. Tena angalia jambo hili: mu hesabu yetu, kodi ya IRL peke yake ni kubwa kuliko matumizi ingine yote pamoja. Mutu ambaye hakuiweka mu hesabu tangu mwanzo hajakosea kidogo. Amekosea kwa kitu kinachozidi vyote.

Wengine watasema: «Lakini hapa hakuna anayelipa ile 22.» Ni kweli kama wengi banafichama. Lakini kufichama haiko bule. Mwenye kufichama hana kontra iliyoandikwa, kwa hiyo siku mupangaji anakataa kulipa, hana karatasi ya kuonyesha kwa ofisi ya Habitat ya commune, wala mbele ya juge. Hawezi kupangisha kwa sosieti, kwa sababu sosieti inaomba karatasi. Na siku ajenti anapita mu avenue, anatosha feza ndogondogo mu mukono kila mara, feza isiyo na quittance, ambayo haimalizi deni. Analipa bila kulipa. Kila mutu apime mwenyewe, lakini hesabu ya kujenga ifanywe na ile 22 ndani. Kama nyumba haisimami na kodi ndani, nyumba ile haisimami.

Deni ya benki na mushahara wa mine

Tuendelee na mutu wetu. Tuseme hakuwa na 15,000 zote. Alikuwa na 7,000, na 8,000 alikopa benki, juu ya mushahara wake, kwa miaka 3. Kwa mfano, riba ya 15 kwa mia kwa mwaka. Kila mwezi benki inakata karibu dola 277. Kisha miezi 36 atakuwa amelipa karibu 9,980 kwa zile 8,000.

Nyumba inamupatia 178 kwa mwezi. Benki inakata 277. Inapunguka 99. Kila mwezi, kwa miaka mitatu, mushahara wa mine njo unalipa ile 99. Nyumba haimulishi, ni yeye analisha nyumba.

Hata hivi si kosa kama anajua. Ni kama kuweka akiba kwa nguvu: kisha miaka 3 deni imeisha na nyumba iko yake. Lakini mupango huu unasimama juu ya muguu moja: kazi iendelee miezi 36. Na kontra mingi za leo, hasa kwa sous-traitance, ni za mwaka moja ao chini. Mutu anakopa kwa miaka 3 juu ya kazi ya miezi 12. Njo hapo cobalt inaingia mu nyumba yake. Kama sosieti inapunguza timu, benki haitangoja kwota ya mwaka unaofuata.

Kuko kanuni moja rahisi. Mbele ya kusaini, jiulize: «Kama kazi inakatika leo, na mulango moja uko bule, niko na feza ya kulipa benki miezi 6 bila kuuzisha kitu?» Mu mfano wetu, miezi 6 ya benki ni dola 1,662. Kama hauko na ile pembeni, ungoje. Jenga mulango moja kwanza. Mulango moja bila deni unakupatia kidogo, lakini unakuacha ulale usingizi.

Garanti si mapato

Kosa ingine inayoangusha baanzaji ni garanti. Mupangaji anaingia, analeta garanti ya miezi. Mwenye nyumba anaona feza nyingi kwa mara moja, anakimbia kununua malata ya mulango wa tatu. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya kupangisha nyumba inasema wazi: kwa nyumba ya kukaa, garanti haipaswi kupita miezi mitatu. Batu mingi mu muji wetu banaomba zaidi, sita na hata kupita, lakini sheria iko pale na mupangaji anaweza kuionyesha.

Garanti ni feza ya mutu mwengine ambayo unamulindia. Siku anahama, kama hakuharibu kitu na hana deni, inamurudilia. Mutu mwenye milango miwili ya 150, na garanti ya miezi mitatu, ameshika dola 900 ambazo si zake. Kama alizitia mu sima, na bapangaji wawili banahama mwezi moja kwa sababu mine yao imesimama, atatosha wapi 900? Hapo matata inazaliwa: mupangaji anakataa kutoka, anasema «nitakula garanti yangu ndani», na mwenye nyumba anapitisha miezi mitatu bila kuona faranga, wakati benki inaendelea kukata. Garanti ikae kwa konti ya pembeni, ao kwa mama wa nyumba ambaye anajua kusema hapana.

Wewe na mupangaji wako, mvua inawanyeshea pamoja

Tufike sasa kwa jambo linalotutisha zaidi, na ambalo halisemwi. Mutu wa mine anajenga ili awe na kitu siku mine inasimama. Lakini nani anapanga nyumba yake? Kama amejenga karibu na mine na mupangaji wake ni mutu wa mine ileile, siku mine inasimama anapoteza mushahara na mupangaji kwa mara moja. Nyumba ilikuwa iwe mwamvuli; mwamvuli unafungika siku mvua inaanza.

Mambo ya karibuni inaonyesha vile. Mwezi wa 11 mwaka 2025, mayi chafu ya kiwanda cha CDM ilitoka mu bwawa, ikaingia mu quartiers za hapa Lubumbashi, na waziri wa mine akasimamisha kazi ya kiwanda kwa miezi mitatu. Kwa siku moja ile, kuko batu baliopoteza kazi kwa muda, na kuko benye nyumba ambao mahali pao palianza kuogopwa. Mwengine alipata vyote viwili. Kwa upande mwengine, Kipushi ililala karibu miaka 30 tangu 1993, kiisha zinki ikaanza kutoka tena katikati ya 2024. Mwenye kuwa na nyumba kule anajua kama muji wa mine unaweza kukauka na kuamuka, lakini batoto habangoji miaka 30.

Kwa hiyo mahali pa kujenga ni sehemu ya hesabu, kama vile bei ya sima. Mulango wa 100 karibu na universite, karibu na hospitali, ao mu quartier ya balimu, bachuuzi na bafungudi ba Leta, unaweza kuwa na faida kuliko mulango wa 180 mbele ya geti ya mine. Bei ni ndogo, lakini mwalimu hahami kwa sababu bei ya cobalt imeanguka London. Mwenye milango miwili, asiwape batu wa kazi moja.

Kuko pia dola na faranga. Mu mwanzo wa 2025 dola ilikuwa inakaribia faranga 2,850. Mu mwezi wa 10 ikateremuka chini ya 2,500, wakati bei ya vitu sokoni haikuteremuka kwa mwendo uleule. Mwenye kupokea 150 dola akienda kununua sima, bomba na kazi ya masoni kwa faranga, aliona dola yake imekonda. Na mupangaji anayelipwa kwa faranga, kama muchuuzi ao mufungudi wa Leta, alipumua. Mbele yake, miaka mingi, ilikuwa kinyume. Ufundisho ni huu: kontra iseme waziwazi ni feza gani, na kama ni kubadilisha, ni kwa bei ya siku gani na ya wapi. Sentensi moja mu kontra inazuia kelele ya mwaka muzima.

Karatasi, na jina lililo juu yake

Yote haya haina maana kama udongo si wako. Tangu sheria ya tarehe 20 Julai 1973, udongo wa Congo ni wa Leta. Mutu anapata haki ya kuutumia, na ushuhuda wa haki ile ni certificat d'enregistrement, ile tunaita sertifika. Fiche parcellaire ya commune si sertifika. Karatasi ya chef wa mugini si sertifika. Acte de vente iliyosainiwa mbele ya mashahidi wawili mu bar si sertifika. Ni njia za kuelekea kule, hazijafika. Na sertifika yenyewe inakuwa nguvu kabisa kisha miaka miwili tangu kutoka kwake, kama hakuna aliyeipinga mbele ya tribunal. Mbele ya kulipa, uende kwa conservateur wa titres immobiliers uombe kuona kama parsele ile haina mutu mwengine. Mu quartiers mpya, parsele moja kuuzishwa mara mbili haiko hadisi. Na uulize tena kama haiko ndani ya konsesioni ya mine: mutu wa mine anajua kuliko wengine kama siku mashini inafika, nyumba njo inahama.

Neno la mwisho ni la ndani ya nyumba. Baba wengi banajenga na bibi hajui hata numero ya parsele. Siku ya kifo, ndugu banafika na mukeka, banakaa, banaanza kupokea feza kwa bapangaji. Code de la famille ya tarehe 1 Agosti 1987 haiwapi haki ile. Batoto njo bariti wa kwanza. Mwenye kubakia, bibi ao bwana, anaendelea kutumia nyumba ambamo walikuwa wanakaa. Na kama nyumba ile inapangishwa, feza yake inagawanywa nusu kwa nusu kati yake na batoto. Lakini sheria bila karatasi ni kilio tu. Sertifika, kontra za bapangaji, quittance za IRL na za impôt foncier, zikae mu sanduku moja, na batu wawili wajue funguo iko wapi.

Leta nayo ipime upande wake. Kodi ya 22 kwa mia juu ya feza yote, kwa mama mujane mwenye milango miwili sawasawa na kwa mwenye building ya orofa sita, inawasukuma wadogo kufichama. Anayelipa Kalebuka angependa kuona barabara na taa Kalebuka. Ni haki yake kuuliza, na anayeuliza na quittance mu mukono anasikilizwa kuliko anayeuliza bila kitu.

Lakini tukingojea Leta ibadilike, mine haitangoja. Basi, mbele ya kuchimba fondasio, keti na bibi yako, muchukue kalamu. Andikeni kile kitaingia kwa miezi 11, si 12. Mutoshe 22 kwa mia. Mutoshe kodi ya udongo, kutengeneza, fose, facture. Mutoshe benki. Kile kinabakia njo nyumba yenu. Kama kinabakia kitu hata mulango moja ukiwa bule na kazi ikiwa imesimama, mujenge bila woga. Kama hakibakii, sima itangoja. Haiozi kwa duka.